Miezi mitatu nilimwomba Mungu anijibu kuhusu Dar, kumbe alikuwa ananisemesha habari ya Mikanjuni

FundiSpoku (mtoa mada)

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka zake apite salama, hatutagombana.

Mie ni fundi baiskeli pale Ngamiani. Barabara ya ngapi sitasema, maana wateja wangu wengine wamo humu na wengine wananidai. Wanaoijua Tanga wanajua kona zetu zilivyo. Muuza kahawa anagonganisha vikombe, bodaboda wanabishana mpira, muuza dawa ya panya ana kipaza sauti kinachosema neno moja tangu asubuhi, na adhuhuri ikifika adhana zinapokezana msikiti kwa msikiti. Humo ndimo nilimojifunzia ufundi, na humo ndimo ninamosalia, kwa maana zote mbili za neno hilo. Ni Mwanglikana. Bibi yangu alizaliwa Magila kule Muheza, mtu wa kengele ya misheni. Akiisikia anasimama hapo hapo hata kama ana ndoo ya maji kichwani.

Mwaka jana, msimu wa kusi, rafiki yangu aliyeko Dar akanipigia. Ana fremu Mbagala, anataka tufungue duka la vipuri vya pikipiki, yeye mtaji, mie mikono. Nimjibu kabla ya mwaka kuisha. Nina mke, watoto wawili, na mama anayeumwa miguu. Nikasema hili silifanyi mpaka nisikie kutoka kwa Mungu.

Ndipo shughuli ilipoanza. Nilikuwa kwenye makundi matatu ya maombi ya WhatsApp. Saa kumi na moja alfajiri simu inaanza kutetemeka: neno la leo, tamko la siku, maono ya usiku. Mmoja anatuma kwamba huu ni msimu wa kuhama, nafurahi. Sijamaliza chai, mwingine anatuma kwamba baraka yako iko hapo ulipo, usiondoke, nanywea. Nikampigia mtumishi mmoja, jina lake nalihifadhi. Akaniambia safari anaiona, ila kuna mlango umefungwa na ufunguo wake ni sadaka ya elfu hamsini. Nikatuma thelathini. Labda ndiyo maana ulifunguka nusu.

Nikaona hapana, tatizo ni kelele. Nikajitoa makundi yote, nikazima data, jioni nikawa nafunga kijiwe mapema napiga pedeli mpaka Raskazone, nakaa juu ya mawe naitazama bahari. Siku saba. Wakuu, nisiwadanganye, sikusikia kitu. Kimya kile kilikuwa na makelele kuliko soko la Mgandini. Kodi ya nyumba, ada, nani alinipita bila salamu, nani kanunua pikipiki kwa hela gani, wote walikuja kukaa na mie juu ya mawe.

Na miongoni mwao alikuwapo mzee mmoja.

Mzee huyu ni wa Mikanjuni, mtaa wa hapa hapa Tanga. Miaka mitatu nyuma aliniletea baiskeli, ringi ya nyuma imepinda vibaya sana. Akaniachia hela nimnunulie mpya. Siku hiyo nilikuwa na mgonjwa ndani, hela ikaenda kwenye dawa. Nikatafuta ringi kuukuu, nikaipiga msasa, nikaipaka rangi ya fedha, nikamfungia. Akanishukuru, akaondoka anapiga kengele.

Basi kila nikifumba macho niseme "Bwana, niende nisiende?" anakuja yule mzee na baiskeli yake. Namfukuza. Najiambia hayo ni mawazo tu, nimekuja kusema na Mungu, si kufukua mambo ya zamani. Kuna jioni nilimkemea kwa jina la Yesu, tena kwa sauti, mpaka vijana waliokuwa wakiogelea wakanigeukia. Nilimhesabu kuwa ni shetani anayekuja kunivurugia maombi.

Siku ya nane nikarudi kazini, moyo mzito. Kulikuwa na gurudumu linasubiri kunyooshwa. Sasa niwaeleze kitu cha ufundi, maana bila hicho hamtanielewa. Gurudumu likienda kombo hulinyooshi kwa macho peke yake. Unalining'iniza, unalizungusha, kisha unapitisha kidole ukigonga spoku moja moja kama mpiga zeze. Iliyokaza inalia juu, sauti nyembamba. Iliyolegea inatoa mlio mfu. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alinifunga kitambaa machoni miezi miwili nikifanya hivyo pale pale kwenye kona, taarab inalia dukani kwa jirani, watu wananicheka. Hata siku moja hakwenda kumwambia jirani azime redio. Na spoku inayotafutwa ni ile inayolia vibaya. Zinazolia vizuri unazipita tu.

Kidole kikagonga ile mbovu. Dup. Na mzee wa Mikanjuni huyo, kasimama tena.

Nikaacha gurudumu linaning'inia.

Jumamosi nilikwenda. Nilimkuta barazani anachonga mpini wa jembe. Shikamoo, marahaba, karibu mkekani. Nikamweleza yote, nikatoa elfu ishirini nikaziweka mbele yake. Nilitegemea machozi, tusameheane, labda na dua juu. Mzee akazichukua, akazihesabu mara mbili, akasema, "Ilikuwa ishirini na tano."

Nikatoa tano.

"Na ufundi elfu tatu," akasema, "lakini ufundi uliufanya." Akamwita mjukuu alete kahawa. Baiskeli kumbe alishaiuza zamani, na ringi hiyo hiyo, kwa mtu wa Pongwe. Tukaongea habari za mvua.

Ndiyo hivyo wakuu. Swali langu: nyie wenzangu mnajuaje? Mie miezi mitatu nilikuwa nasikiliza na kumfukuza msemaji kwa wakati mmoja.

BintiMuheza

"Ilikuwa ishirini na tano." Hahaha, mzee hana masihara. Kaka fundi, pole na hongera kwa pamoja.

PwaniHuru

Mtoa mada, kwa heshima zote. Hiyo inaitwa dhamiri. Ulimdhulumu mtu, jambo halikuisha kichwani, ulipokaa kimya likapata nafasi ya kupanda juu. Hata mtu asiye na dini yoyote yanamkuta hayo. Kwa nini umtwike Mungu?

FundiSpoku

PwaniHuru, sikubishii sana. Ila dhamiri yangu hiyo hiyo ilikaa miaka mitatu imetulia tuli. Nilishaiambia kwamba hela ilikwenda kwa mgonjwa, ikakubali, ikanisamehe bila mzee kuulizwa. Kilichonijia Raskazone hakikukubali hoja ya mgonjwa. Kilikuja na baiskeli tu, hakina maneno. Weye kiite utakavyo. Mie najua dhamiri yangu inanunulika, maana nimeinunua mara nyingi.

Abuu Sahare

Assalaam alaykum, na habari za wakati kwa ndugu zetu Wakristo. Kaka fundi, nina mawili.

Kwetu, mtu akiwa na jambo kama lako la Dar anasali istikhara: rakaa mbili za sunna, kisha dua yake. Huku kwetu wengi wanadhani baada ya hapo lazima uote ndoto, ukiona kijani nenda, ukiona cheusi kaa. Nina shangazi alikataa wachumba wawili kwa ajili ya rangi. Lakini dua yenyewe haitaji ndoto. Unamwomba Mola, kama jambo hili ni kheri kwa dini yako, maisha yako na mwisho wa mambo yako, akuwezeshe na akurahisishie. Kama ni shari, aliepushe nawe na wewe akuepushe nalo, akupe kheri popote ilipo, kisha akuridhishe nayo. Basi. Unashauriana na watu wenye akili zao, unashika njia, litakalofunguka litafunguka. Hukai kitandani kusubiri picha.

La pili ndilo kubwa. Masheikh wanatufundisha kwamba toba ina masharti. Uliache kosa, ulijutie, uazimie kutolirudia. Na likiwa limegusa haki ya mja, umrudishie mwenyewe. Hilo la mwisho hulifidii kwa sijda, hata ukisujudu mpaka alfajiri. Kwa hiyo yule mzee alipozihesabu mara mbili, msimwone mkavu. Alikuwa anakusaidia kumaliza toba yako. Angesema "ah, acha tu mwanangu", ungerudi nyumbani na elfu tano ya watu.

MamaWaKange

Wanaume mna raha jamani. Mnakwenda Raskazone kukaa juu ya mawe siku saba.

Mie nauza chai na maandazi stendi ya Kange. Saa tisa usiku niko macho nakanda unga. Alfajiri mabasi yananguruma, wapiga debe wanagombea abiria, mtoto yuko mgongoni, mwingine anatafuta kiatu kimoja. Hayo mawe nitayakalia saa ngapi? Kila semina naambiwa nitenge muda wa utulivu. Nikimwangalia anayesema hivyo, shati lake limepigwa pasi vizuri. Nani kampigia?

Ninachofanya ni hiki. Kila donge ninalolitia mafutani nataja jina la mtu mmoja. Maandazi mia mbili. Majina yakiisha naanza upya, kwa hiyo mama yangu mzazi anaombewa mara tano kwa siku. Usiku mmoja nikafika jina la wifi yangu, likanikwama. Mkono ukabaki hewani na donge, mafuta yanatoa moshi. Hatujasemeshana tangu msiba wa baba mkwe. Sikusikia sauti yoyote mie. Nilichosikia ni kwamba jina halitoki.

Na bado sijaenda kwake, msiniulize.

Katekista wa Bagamoyo

Mama wa Kange, umenikumbusha mtawa mmoja wa shirika la Wakarmeli kule Paris, miaka ya 1600, bradha Lawrence wa Ufufuko. Alipoingia utawani hakupewa kazi ya kuhubiri, alipewa jiko. Miaka mingi ni masufuria, na alipochoka miguu wakampa kushona ndala za wenzake. Alisema wakati wa kazi kwake haukutofautiana na wakati wa sala. Watu wakubwa wakawa wanamfuata huyo mpishi kumwuliza anasalije. Kwa hiyo hujakosa kitu kwa kukosa mawe.

Na hayo mawe nayajua. Naishi jirani na misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika hapa Bagamoyo mwaka 1868. Watu wanakuja kutoka Dar kutafuta utulivu chini ya miembe ile mikubwa. Wengine nawaona wameinua simu juu wanatafuta mtandao. Siwacheki, na mimi nimewahi kufanya hivyo.

Fundi, umeuliza tunajuaje. Nitakuambia ninachokitumia mwenyewe, si changu. Ignasi wa Loyola alikuwa askari. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu kule Pamplona, akalala kitandani miezi. Akawa anawaza mambo mawili. Mara anajiona shujaa anamtumikia mwanamke wa ukoo mkubwa, mara anajiona anafuata nyayo za watakatifu. Yote mawili yalikuwa matamu wakati wa kuyawaza. Tofauti aliiona baadaye: la kwanza likiisha linamwacha mkavu, la pili likiisha utamu unabaki. Alichojifunza pale ni kuangalia ladha inayobaki mdomoni, si ile ya kutafuna. Na alifundisha kitu kingine ambacho kingekusaidia na makundi yako: wakati roho iko gizani, imekauka, usibadilishe uamuzi uliokuwa umeushika ulipokuwa na amani. Wewe ulikuwa unaubadilisha kabla chai haijapoa.

Halafu mtazame Samweli wa kwenye Biblia. Tunamhadithia watoto kana kwamba habari nzima ni ya kuitika tu. Kijana aliitwa usiku, akakimbilia kwa kuhani Eli mara tatu akidhani ndiye anayemwita. Aliyetambua kuwa ni Mungu ni Eli, mzee aliyepofuka, ambaye wanawe wamemshinda. Na ujumbe ulipokuja ulikuwa wa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Asubuhi akamwambia kijana asimfiche hata neno moja. Mimi huwa najiuliza kama ningeutaka ujumbe wa namna hiyo. Tunayemtafuta wengi wetu ni msemaji wa kutuambia twende Dar.

NesiWaZamu

Naomba nami niseme, na naomba nisieleweke vibaya, maana uzi huu nimeupenda.

Nyumbani kwetu ilianza hivi hivi. Mdogo wangu akasema ameambiwa alimdhulumu mtu, arudishe. Akarudisha. Sauti haikutosheka. Ikamwambia arudishe kingine, kisha asile, kisha asilale. Akawa anatoa vyombo vya ndani anaviweka barabarani. Sisi tukasema mtoto ameguswa, tukamzungusha kwenye maombezi miezi sita. Nilikuwa na taaluma yangu hiyo hiyo ya uuguzi na sikuona, kwa kuwa ni ndugu yangu. Ulikuwa ugonjwa. Dawa zimemrudisha, leo yuko kazini na anasali kama zamani.

Kwa hiyo mtu akisikia sauti masikioni kabisa kama mtu anaongea, akakosa usingizi siku nyingi, au sauti ikamwamuru ajidhuru au amdhuru mwenzake, mpelekeni hospitali kwanza. Maombi yatamkuta huko huko wodini. Fundi alilipa ile elfu tano ya mwisho, ikaisha. Ya mdogo wangu haikuwa na mwisho.

FundiSpoku

Dada nesi, nimelipokea, na asante kwa kusema lililo gumu. Ni kweli iliisha. Kurudi kutoka Mikanjuni nilikuwa natazama miembe ya watu tu, sina wazo.

DalaliTongoni

Mkuu, hadithi tamu lakini umetuacha njia panda. Na Dar je?

FundiSpoku

Sijaambiwa kitu.

Desemba rafiki yangu alichukua mtu mwingine. Wanakwenda vizuri, nimeona picha za duka, limejaa mpaka dari. Siku nyingine inaniuma, hasa siku nikipata wateja wawili. Sijui kama nilikosea, na sitaki kuwatungia jibu.

Ila Abuu Sahare, ulivyosema habari ya kushauriana umenigusa pabaya. Katika miezi mitatu nilimuuliza mtumishi, makundi matatu, bahari. Mke wangu sikumuuliza. Nilimuuliza wiki ile baada ya Mikanjuni, usiku, watoto wamelala. Akakaa kimya kidogo akasema, "Nilikuwa nasubiri." Aliyoniambia baada ya hapo ni ya nyumbani kwetu.

MchokoziMstaarabu

Sasa na yule mtumishi wa ufunguo, elfu thelathini yako anarudisha lini?

FundiSpoku

Huenda naye kila akifumba macho ananiona mie na baiskeli.

PwaniHuru

Bado nasema ni dhamiri. Lakini hilo la mke limenikaa. Ngoja nizime simu.

MamaWaKange

Narudi kidogo. Jana nilikwenda kwa wifi. Hakuwepo, kaenda Pangani kwenye harusi. Nimemwachia jirani yake maandazi kumi na mbili, nimesema mwambie ni ya wifi wa Kange, atajua. Nilipokuwa njiani kurudi nikashukuru Mungu kwamba hakuwepo, kisha nikaona aibu kwa kushukuru. Jumapili narudi tena.

Kaka fundi, baiskeli ya mwanangu mnyororo unaruka, umekwisha kabisa, unahitaji mpya. Na kona yako nimeshaijua, muuza dawa ya panya wa namna hiyo yuko mmoja tu Ngamiani. Nikuletee lini?

FundiSpoku

Lete Jumanne asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Hela ya mnyororo kaa nayo weye. Tutakwenda dukani pamoja.